Nani Mwenye Gemu? Miaka Hamsini Kutoka Kaseti hadi Seva

Mtoto wa Kijapani aliyenunuliwa kaseti ya Super Mario Bros. mwezi Septemba 1985 anaweza kuichomeka leo, akiwa mtu mzima mwenye mvi, na Mario akaanza kukimbia kama kawaida. Kijana aliyenunua The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft iliyotoka Desemba 2014, hawezi. Gemu hiyo ilitegemea seva za kampuni hata pale mtu alipocheza peke yake. Seva zilipozimwa Machi 31, 2024, diski ikawa haina kazi.

Gemu ya pili inaishinda ya kwanza kwa ukubwa, kwa picha na kwa sauti. Inashindwa kwa jambo moja tu: ya kwanza ina mwenyewe. Historia ya gemu za video ni historia ya mchezaji aliyepewa mali mkononi, kisha akanyang'anywa kidogo kidogo, kila mara kwa jina la kumrahisishia. Ukiifuata tangu mwanzo utaelewa kwa nini watu wazima leo wanapekua masoko ya mitumba wakitafuta kaseti kuukuu, na kwa nini kazi yao si ya kitoto.

1972–1977: Gemu yatoka ndani ya mashine

Mashine ya kwanza ya gemu za nyumbani, Magnavox Odyssey, iliingia madukani Marekani mwaka 1972. Aliyeibuni ni Ralph Baer, mhandisi Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akiwa kijana. Odyssey ilikuja na kadi za kuchomeka, lakini kadi hizo hazikubeba gemu yoyote; ziliunganisha tu nyaya za ndani ya mashine kwa namna tofauti. Kwenye kioo vilionekana vidoa vyeupe na mstari, na familia ilibandika plastiki yenye picha juu ya kioo cha televisheni ili vidoa vile vionekane kama wachezaji ndani ya uwanja. Mwaka huohuo Atari ikatoa Pong, mashine ya sarafu iliyowekwa kwenye mabaa. Nayo ilikuwa gemu na mashine kwa pamoja: ukiichoka Pong, umeichoka mashine nzima.

Mageuzi yalikuja mwaka 1976 na Fairchild Channel F. Wazo la kuweka gemu kwenye chipu inayochomoleka lilianzia kampuni ndogo iitwayo Alpex, lakini kuligeuza liwe bidhaa ilikuwa kazi ya timu ya Jerry Lawson, mmoja wa wahandisi weusi wachache sana waliokuwa Silicon Valley wakati ule. Hapakuwa na mfano wa kuiga. Chipu za kompyuta hazikuundwa ili zichomekwe na kuchomolewa na watoto mara maelfu, na umeme tuli peke yake uliweza kuziua. Timu ikazifungia ndani ya gamba la plastiki ya manjano lililofanana na kanda za muziki za siku zile. Mwaka uliofuata Atari ikaja na mashine yake ya kaseti, VCS, ikatawala soko.

Lawson hakutajirika kwa kazi hiyo, na kwa miaka mingi hata wapenzi wa gemu hawakumjua. Lakini tangu hapo gemu ilikuwa kitu cha kushika. Iliweza kununuliwa, kuazimwa, kubadilishana na ya jirani na kuuzwa tena. Bila hatua hii asingekuwepo mkusanyaji hata mmoja.

1978–1983: Pupa na shimo la Alamogordo

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders. Atari ilipoileta kwenye kaseti mwaka 1980, watu walinunua mashine nzima kwa ajili ya gemu hiyo moja. Wakati huohuo watunzi wanne wa Atari, waliochoshwa na mishahara midogo na kutotajwa majina, walikuwa wameshajitoa na kuanzisha Activision mwaka 1979, kampuni ya kwanza kutunga gemu kwa ajili ya mashine ya mwingine. Atari ikaenda mahakamani. Kesi ikaisha kwa makubaliano, na mlango ukabaki wazi.

Waliopita mlangoni hapo walikuwa wengi, na wengi wao hawakuwa na cha kuuza. Rafu zikajaa gemu mbovu zisizokaguliwa na mtu. Atari yenyewe ikaingia mkumbo. Mwaka 1982 ilinunua kwa fedha nyingi haki za filamu ya E.T., kisha ikampa mtunzi wake, Howard Scott Warshaw, takriban wiki tano aimalize gemu iwahi Krismasi. Alimaliza. Kaseti zikatolewa kwa mamilioni, na nyingi zikarudi kutoka madukani. Biashara ya gemu za nyumbani Marekani, iliyokuwa imepita dola bilioni 3, iliporomoka hadi takriban milioni 100 ilipofika 1985.

Septemba 1983 malori ya Atari yalitoka ghala la El Paso, Texas, yakaenda kumwaga shehena ya kaseti kwenye jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico. Juu yake ikamwagwa zege. Kwa miaka thelathini habari hiyo ilisimuliwa kama uzushi wa mjini. Aprili 2014 jalala likachimbuliwa mbele ya kamera, na kaseti zipatazo 1,300 zikatolewa zikiwa zimepondeka na kunuka. Zilipopigwa mnada ziliingiza zaidi ya dola 100,000, na moja ikapelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian. Waliozitengeneza walilipa gharama ili zizikwe. Waliokuja baadaye walilipa ili wapate hata kipande. Tangu wakati huo jambo moja limejirudia: kampuni inatunza kinachouzika mwaka huu, na mengine yote huokolewa na watu wa nje.

1983–1994: Kufuli la Nintendo na mashine zisizo na jina

Nintendo ilitoa Famicom nchini Japani Julai 1983, wakati Marekani soko likiwa mahututi. Ilipoingia Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES ilikuwa imejifunza kutokana na kosa la Atari. Ndani ya mashine iliweka chipu, na ndani ya kila kaseti chipu ya pili. Zisipotambuana, mashine inajizima na kujiwasha bila kukoma. Kampuni za nje ziliruhusiwa kwa kawaida gemu tano tu kwa mwaka, na kaseti zilitengenezwa na Nintendo yenyewe. Kufuli hilo liliokoa biashara. Pia liliifanya mashine uliyoinunua ikupangie utakachochomeka.

Famicom ya Japani haikuwa na kufuli. Viwanda vya Taiwan, na baadaye vya China, viliinakili na kuisambaza kokote ambako Nintendo haikuwa na wakala. Urusi iliijua kwa jina la Dendy tangu 1992. Katika Afrika Mashariki iliingia miaka ya 1990 ikiwa na majina ya kila namna au bila jina kabisa, na kaseti zenye lebo zilizoahidi mamia, hata mamilioni ya gemu. Ukihesabu, zilikuwa chache zilizorudiwarudiwa: Contra, Super Mario, Duck Hunt. Kisheria zilikuwa bandia. Kihistoria ndizo zilizowafungulia mlango watoto ambao Nintendo haikuwahi kuwahesabu kama wateja.

Fungua kaseti ya aina hiyo utakuta vitu vichache: ubao wa kijani, chipu nyeusi moja au mbili, na chini mstari wa meno ya shaba yanayogusana na mashine. Ilipogoma, kila mtoto duniani alifanya kitu kilekile: aliichomoa, akaipuliza kwa nguvu, akairudisha. Mara nyingi ilikubali kwa sababu ilikuwa imechomekwa upya, wakati unyevu wa pumzi ulikuwa unaleta kutu polepole. Mkusanyaji wa leo anafuta meno hayo kwa pamba na spiriti. Akiwa na kaseti ya The Legend of Zelda ana kazi ya ziada, kwa kuwa ndani yake mna betri ndogo kama sarafu inayotunza hatua aliyofikia mchezaji. Betri ikifa, kumbukumbu inafutika, kwa hiyo inabidi ashike bisibisi na kifaa cha kulehemu aweke nyingine. Na akitaka kupiga bata wa Duck Hunt lazima atafute TV ya chogo, kwa sababu bunduki ile ilitungwa kwa jinsi kioo cha zamani kilivyochora picha. Kwenye TV bapa haipigi kitu.

1994–2013: CD, fundi na vibanda vya gemu

Desemba 1994 Sony ilitoa PlayStation nchini Japani. Silaha yake kubwa ilikuwa bei ya CD. Kaseti yenye chipu ilikuwa ghali na iliagizwa miezi kabla. CD ilichapwa kwa siku chache, kwa gharama ndogo, na kubeba data nyingi zaidi. Kampuni ya Square, iliyokuwa upande wa Nintendo tangu zamani, ikahama na Final Fantasy VII yake, iliyotoka mwaka 1997 ikiwa imejaza CD tatu.

Lakini kilichokuwa rahisi kuchapa kilikuwa rahisi pia kunakili. Sony iliweka alama ya siri kwenye diski zake halali. Mafundi wakatengeneza chipu ndogo ya kuidanganya mashine kwamba alama ipo. Kazi hiyo ilifanywa Hong Kong na London, na ilifanywa pia mitaani kwetu. PlayStation 2, iliyotoka Machi 2000, iliuzwa zaidi ya mashine milioni 155, nyingi kuliko nyingine yoyote, na sehemu ya maisha yake marefu iliishi ndani ya vibanda vya Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala.

Kibanda kilihitaji vitu vichache: TV za chogo kadhaa, benchi, pedi zilizofungwa nyaya zisitoroke, na kijana mmoja wa kukusanya hela. Ulilipa kwa mechi. Mahali pengi aliyefungwa ndiye alilipa, na mshindi alibaki kitini mpaka atokee wa kumtoa. Gemu ilikuwa mpira, kwanza Winning Eleven, kisha PES, zote za Konami. Diski za asili zilikuwa nadra. Zilizokuwepo ni nakala, mara nyingi zikiwa zimehaririwa na wapenzi wa gemu ili usajili uendane na msimu. Lenzi ilipochoka kusoma diski, mafundi walihamishia gemu kwenye flashi na mashine ikaendelea kupiga kazi.

Sony ilitangaza mwisho wa kutengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, na gemu rasmi ya mwisho iliyotolewa kwa ajili yake ilikuwa PES 2014. Vibandani tangazo hilo halikubadilisha kitu. Mashine haikuwa na haja ya kuomba ruhusa kwa mtu. Iliendelea kufanya kazi kwa muda ambao fundi aliweza kuihudumia.

1997–2000: Emuleta yapata hukumu

Mwaka 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa MAME, programu inayoifanya kompyuta ya kawaida iigize mashine za sarafu za zamani. Programu za aina hii huitwa emuleta. Hoja ya MAME tangu mwanzo ilikuwa kuhifadhi: mbao za mashine hizo zilikuwa zinaoza, na nyaraka za namna zilivyofanya kazi hazikuwepo.

Sony iliishtaki kampuni ya Connectix kwa emuleta ya PlayStation. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani iliamua kwamba kuichambua mashine ili kutunga emuleta hakukuvunja sheria. Kunakili gemu zenyewe kulibaki kosa. Ndiyo hali ilivyo hadi leo: chombo cha kufungulia kumbukumbu ni halali, lakini kumbukumbu zenyewe, kwa sehemu kubwa, zimehifadhiwa na watu ambao sheria haiwatambui.

2003–2024: Kununua bila kumiliki

Septemba 2003 kampuni ya Valve ilizindua Steam, na mwaka uliofuata ikailazimisha kwa kila aliyetaka kucheza Half-Life 2, hata kama alinunua boksi dukani. Watu walilalamika, kisha wakazoea. Hapakuwa tena na diski ya kukwaruzika wala safari ya dukani, na punguzo la bei lilikuwa kubwa. Simu za kisasa zikaendeleza mazoea hayohayo, na kizazi kizima kikakua bila kushika gemu kwa mkono.

Palitokea upinzani mmoja mkubwa. Mwaka 2013 Microsoft ilieleza kwamba Xbox One ingelazimika kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba gemu za mtumba zingewekewa masharti. Sony ikajibu kwa video fupi ya kufundisha namna ya kuazimana gemu kwenye PlayStation 4: bosi mmoja anampa mwenzake boksi, mwenzake anasema asante, basi. Microsoft ikarudi nyuma kabla mashine haijauzwa.

Ushindi huo ulikuwa wa muda. Mwaka 2015 Konami iliiondoa P.T., gemu fupi ya kutisha iliyopakuliwa bure, na asiyekuwa nayo kwenye mashine yake hakuipata tena. Google ilizindua Stadia mwaka 2019, huduma ambayo gemu ilikaa kwenye seva tu, ikaifunga Januari 2023 na kurudisha fedha za watu. Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la Wii U na 3DS. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya The Crew.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wanunuzi wa The Crew waliona aibu hiyo hadharani. Mmarekani Ross Scott akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, inayodai gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka baada ya kampuni kujitoa. Saini zake katika Umoja wa Ulaya zilivuka milioni moja Julai 2025. Jimbo la California lilikwisha pitisha sheria, inayotumika tangu Januari 2025, inayozuia duka kumwambia mteja kwamba "ananunua" bidhaa ya kidijitali bila kumweleza wazi kwamba anapewa leseni tu. Sheria hiyo haimrudishii mteja mali yake. Inamwondolea kudanganywa.

2019–2021: Kaseti yawa hati ya fedha

Kadiri gemu mpya zilivyopotea hewani, ndivyo za zamani zilivyopanda bei. Mwaka 2019 nakala ya Super Mario Bros. isiyofunguliwa iliuzwa dola 100,150. Aprili 2021 nyingine ilifika 660,000. Julai mwaka huo Super Mario 64 ikauzwa dola milioni 1.56, na Agosti Super Mario Bros. ikafika milioni 2.

Vitu hivyo hufungiwa ndani ya sanduku la plastiki ngumu lenye alama ya ubora. Thamani yake yote iko katika kutofunguliwa. Super Mario 64 ni gemu iliyouzwa kwa mamilioni na haijawahi kuadimika. Kilichokuwa adimu ni nailoni iliyoizunguka. Watu waliokuwa wakikusanya ili wacheze walijikuta wakishindana na wawekezaji, na bei za kaseti za kawaida nazo zikapanda. Joto hilo limepungua tangu wakati ule, lakini kukusanya kumegawanyika pande mbili: kuna anayetunza gemu, na kuna anayetunza boksi.

Sasa na kesho

Mwaka 2023 Video Game History Foundation, taasisi iliyoanzishwa na Frank Cifaldi mwaka 2017, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani. Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti gemu hizo kwa njia ya mtandao. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa.

Kwa upande wa mashine, mwelekeo uko wazi. PlayStation 5 Pro iliingia sokoni Novemba 2024 bila sehemu ya diski. Anayeitaka anainunua pembeni. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina baadhi ya kaseti ambazo ndani yake hamna gemu: mna ufunguo wa kuipakua. Ufunguo huo unaweza kuuuza au kuuazimisha, ili mradi seva ya kupakulia iko hai. Mkusanyaji wa mwaka 2050 hatapata shida ya kutafuta boksi la gemu ya 2025. Shida itakuwa kukuta kitu ndani.

Teknolojia peke yake haiamui mambo haya. Duka la GOG huuza gemu za kompyuta zisizo na kufuli, na mnunuzi akishapakua haombi ruhusa tena. Wahandisi hutengeneza mashine mpya zinazosoma kaseti za 1985 kwa usahihi mkubwa. Kinachokosekana ni sheria ya kuilazimisha kampuni inayofunga seva iache nyuma njia ya kucheza. Gemu iliyouzwa kwa fedha taslimu iachwe ichezeke. Dai hilo ni la haki, na serikali zinazotoza kodi kwenye mauzo hayo zina wajibu wa kulisikiliza.

Sisi tuna deni letu pia. Hakuna taasisi ya Marekani wala Japani itakayohifadhi nakala za PES zilizohaririwa mitaani, kaseti za bandia za miaka ya 1990, wala kanuni za vibanda vyetu. Hivyo ndivyo gemu zilivyoingia Afrika Mashariki, na mali bila daftari huisha bila habari. Kama PS2 yako iko stoo, usiiuze kwa kilo kama chuma chakavu. Ifute vumbi, hamishia diski zako kwenye kompyuta kabla hazijakwaruzika kabisa, piga picha kaseti na lebo zake. Kisha andika kibanda kilikuwa mtaa gani, mechi ilikuwa shilingi ngapi, na nani alikuwa hafungiki.